Tulivyoifagia Bustani ya Nesi

Nilijitolea kwa mkono wa mtu mwingine. Ilikuwa paredi ya asubuhi, mwezi wa tisa, mwaka jana nikiwa kidato cha tatu. Upepo wa Kasulu ulikuwa unatupiga kwenye magoti, na mwalimu wa zamu anauliza nani yuko tayari kwenda kila Jumamosi kusaidia kutunza bustani ya wananchi iliyo jirani na hospitali. Shule nzima ikawa inakagua viatu vyake. Rafiki yangu wa dawati moja alikuwa amesimama mbele yangu, anasinzia macho wazi, kipaji alichopewa na Mungu badala ya hesabu. Nikamshika kiwiko kwa nyuma, nikaunyanyua mkono wake juu.

"Safi sana, binti!" mwalimu akasema. "Na wewe uliye nyuma yake, uliyemsaidia kuunyanyua, pita mbele. Moyo wa kusaidiana namna hiyo ndio tunaoutafuta."

Makofi yakapigwa. Rafiki yangu akazindukia katikati ya makofi, akadhani ameshinda kitu, akatabasamu.

"Shosti, umenifanyia nini?" akaniuliza tukiingia darasani, baada ya kuelezwa.

"Nimekufungulia njia ya uongozi."

"Jumamosi nakuua."

"Jumamosi tuna kazi."

Kufikia wiki iliyofuata tulikuwa kumi na wanne. Wengine walikuja kwa sababu ya moyo, wengine kwa sababu Jumamosi nyumbani kwao ni siku ya kupura maharage, na bustani ilionekana nafuu.

Bustani yenyewe, nisiwadanganye, haikuwa bustani. Kilikuwa kipande cha ardhi chenye pembe tatu, kati ya ukuta wa hospitali na barabara inayoelekea stendi. Kilikuwa na mijohoro mitatu, miche michache, benchi mbili za zege, na kinjia kilichopangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kingine chote kilikuwa udongo wetu mwekundu, ule ambao kiangazi unakupanda hadi kwenye nyusi, na mvua zikianza unabaki na kiatu chako.

Aliyeianzisha alikuwa muuguzi mstaafu. Mji mzima unamwita Nesi, ingawa gauni jeupe alilivua kabla mimi sijaanza chekechea. Mfupi, mpana, na sauti ya mtu ambaye ametumia maisha yake kuwaambia wanaume wazima wateremshe suruali wachomwe sindano. Kustaafu alistaafu, ila hakuacha kazi. Kila Jumamosi alipita raundi, mti kwa mti, sisi tukimfuata kwa nyuma kama wanafunzi wa uganga. Anasimama mbele ya mche, anaushika jani kwa vidole viwili.

"Huyu ameamkaje?"

"Vibaya, Nesi," namjibu. "Usiku kucha amelalamika kichwa."

"Nyamaza. Mpeni dripu."

Dripu ilikuwa chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa sindano, ikafungwa kichwa chini kwenye kijiti. Maji yanadondoka tone moja moja kwenye shina. Miche yote ya bustani ile ilikuwa imelazwa na ina dripu. Mtu anayepita kwa mara ya kwanza angedhani wodi imejaa wakahamishia wengine nje.

Jumamosi ya kwanza alitukalisha kwenye benchi akatuambia kwa nini yuko pale. Hakuhutubia. Alikuwa anamenya chungwa.

"Nimefanya kazi ndani ya ukuta ule," alisema. "Mgonjwa ana kitanda. Aliyemleta je? Anatoka Muyama, anatoka Manyovu, wengine wanatoka hadi Gwarama, anashuka kwenye gari asubuhi, anaambiwa kuona wagonjwa ni saa saba. Anakwenda wapi? Nilikuwa nikitoka kumwita ndugu wa mgonjwa, namkuta amekaa kwenye mtaro, sufuria ya ndizi mapajani, lori linapita linamwagia vumbi. Mtu anasubiri habari ya mwanawe, hata pa kuweka makalio hana."

Rafiki yangu alicheka aliposikia neno makalio. Mimi nilicheka pia, lakini nusu.

Ndipo tukajua shida ilipo. Kipande kile kilikuwa eneo la wazi tu, na maeneo ya wazi yasiyo na kitu yalikuwa yanapangiwa kazi nyingine. Pale palikuwa panafikiriwa kuwekwa maegesho ya malori. Nesi aliandika barua, akaenda, akarudi, akaandika nyingine, hadi akaahidiwa kwamba bwana ardhi mwenyewe atakuja kuangalia katikati ya mwezi wa kumi na moja. Akikuta bustani, itabaki bustani. Akikuta kiwanja kitupu, malori.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo tulipojichimbia kaburi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Nesi alianza kupanda nyasi. Ukoka. Alipanda siku za kazi, sisi tukiwa darasani. Alipanda pamoja na wale wale ndugu wa wagonjwa, wakisubiri saa saba ifike. Mtu anapewa kijiti na kifungu cha vipande vya ukoka, anachimba shimo, anafukia, anasogea. Jumamosi mbili mfululizo shule ilituzuia kwa majaribio ya hesabu, kwa hiyo hatukuona kitu. Tuliporudi tuliona nyuzi nyuzi za kijani zimechomoza kwenye udongo, nyingine zimekauka, zinatia huruma. Hakuna aliyeuliza, na Nesi hakueleza, maana kwake ilikuwa wazi kama jua. Siku hiyo tulipaka chokaa mawe, tukapakana na sisi wenyewe, tukaondoka.

Wiki iliyofuata binti yake aliyeolewa Kibondo akashikwa na uchungu. Nesi akafunga kikapu. Alinikuta stendi nikimpokelea mama mzigo wa vitenge, akanishika bega.

"Nakwenda kumpokea mjukuu. Jumatatu nimerudi. Ijumaa bwana ardhi anakuja. Jumamosi hii mpatengeneze bila mimi, unasikia? Fanyeni kama mnavyofanya kwenu wageni wakija."

"Ondoa shaka, Nesi. Utapasahau."

Hilo la mwisho nililitimiza.

Kwetu mgeni akija, uwanja unafagiliwa. Na sisemi kufagia kwa mjini, kwa kusukuma karatasi pembeni. Nasema kufagia kwa Kiha. Mama yangu anaamka, anainama na ufagio wa vijiti, na akimaliza hakuna kitu juu ya ardhi isipokuwa mistari ya ufagio, imepangana kama nywele zilizochanwa. Jani likiota uwanjani linang'olewa kabla halijapewa jina. Nyasi mlangoni maana yake nyoka, mbu, na mwanamke ambaye majirani wanamzungumzia kisimani. Shuleni ni hivyo hivyo: ukichelewa unapewa jembe na kipande cha kung'oa ukoka, na ukoka ule tangu nikiwa darasa la kwanza ni adui yangu. Unaukata leo, kesho umerudi na ndugu zake.

Basi Jumamosi ile nilijipa cheo. Nesi aliniambia mimi, si mwingine, kwa hiyo mimi ndiye kamanda. Niliwapanga mstari mmoja kutoka ukutani hadi barabarani, majembe saba mbele, fagio saba nyuma.

"Wanajeshi!" nikasema. "Adui yuko chini. Hakuna mateka."

Tulilima. Tuling'oa, tukaizunguka tu miche yenye dripu. Tuliimba nyimbo za mchakamchaka, mistari mingine nimeitunga papo hapo kumhusu mwalimu wa hesabu, siiandiki hapa kwa sababu bado ananifundisha. Rafiki yangu aliyenitishia kifo akawa ndiye mkali kuliko wote, anafuatilia mzizi hadi mwisho wake kama anauchunguza ukoo.

Kuna mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia yake ya sufu, anasubiri saa saba. Alitutazama muda mrefu. Mwishowe akainuka, akanisogelea, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, binti yangu. Hizi nyasi..."

"Mwakeye, mzee. Usihofu kabisa. Tunazimaliza zote, hata moja haibaki."

Akaniangalia. Akaangalia yunifomu yangu. Akarudi kukaa. Nadhani alisema moyoni kwamba wenye shule wana maelekezo yao. Baadaye nilikuja kujua kwamba mistari miwili ya upande ule alikuwa ameipanda yeye kwa mkono wake.

Tulipomaliza kung'oa tukafanya lundo, na lundo nikalitia kiberiti mimi mwenyewe, kwa heshima ya ukamanda wangu. Kisha tukafagia mistari ya kulala, halafu mistari ya kusimama. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la dagaa alisimama akatusifu: watoto wa nani hawa, wamelelewa. Nililala usiku ule nikitabasamu.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda mbio kupokea sifa. Nesi alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, kikapu cha safari bado mkononi. Alikuwa hajafika hata nyumbani kwake. Mistari ya fagio zetu ilikuwa bado inaonekana, imepita hadi kwenye miguu yake.

"Mjukuu mzima?" nikauliza.

"Mzima." Hakunitazama. "Wagonjwa wangu wako wapi?"

Sikuelewa, ila mdomo wangu huwa haungoji nielewe.

"Wote wameruhusiwa, Nesi."

Alikwenda kukaa kwenye benchi. Alikaa taratibu, kama watu wanaoambiwa jambo na daktari. Nikaona macho yake yanapita ardhini, mstari kwa mstari, anatafuta hata uzi mmoja wa kijani. Ndipo nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke, ingawa ningemezwa na ardhi safi sana.

"Zilikuwa zimeanza kushika," akasema. "Nyingine zilikuwa zimeshika."

"Tulidhani ni ukoka, Nesi."

"Ulikuwa ukoka."

"Ndiyo. Tulidhani ni... ule ukoka."

Angenigombeza ningejua la kufanya. Nina uzoefu wa kugombezwa, nina majibu ya kila aina. Yeye alivua kandambili akakanyaga udongo kwa nyayo, akaniambia, "Na mimi nimekosa. Nimezaliwa hapa hapa, najua mgeni akija mnafanya nini. Nilikwambia mwenyewe." Halafu, "Ziko wapi mlizong'oa? Tuzirudishe."

Nikamwonyesha jivu.

Ng'ambo ya pili, kwenye mtaro, wanawake watatu walikuwa wamekaa na vyombo vyao vya chakula, maana pale ndani tulipofagia palikuwa na vumbi. Hakuna mtu anakaa kwenye vumbi amevaa kitenge chake kizuri cha kuendea hospitali. Tulikuwa tumepafanya pasafi hadi pasikalike.

"Ukoka uko kila mahali, Nesi," nikasema. "Ndiyo tabia yake."

"Uko. Lakini haujileti."

Asubuhi ya Jumanne nilimwomba mwalimu wa zamu nizungumze kwenye paredi. Aliniangalia kwa wasiwasi wa mtu anayenijua. Kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wao, sisi vipindi vyenyewe vilikuwa vya kuokoteza, akaniachia. Nikapanda kwenye jiwe nikaeleza: bustani, Nesi, mtaro, jembe, kiberiti. Nilipofika kwenye kiberiti shule ilicheka hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini. Niliwaacha wacheke. Halafu nikasema kama anavyosema mwalimu wa zamu siku zote akitutuma fagio au kuni: kesho kila mmoja aje na kiroba kimoja cha ukoka, wenye mizizi, asiye nacho asije.

"Na asiyejua ukoka unapopatikana," nikaongeza, "amuulize aliyechelewa jana."

Nyumbani mama alinisikiliza, ameshika mwiko.

"Nimekupeleka shule uje kuomba ukoka?"

"Ndiyo, mama."

"Shamba langu la mihogo, kule bondeni. Chukua wote. Chukua na mizizi. Ukitaka na mwakani njoo."

Wilaya nzima ilikuwa karimu namna hiyo. Wakulima waliotufukuza miaka yote kwa kuiba miwa walitukaribisha mashambani kama wakwe. Bibi mmoja alitubariki kwa Kiha, kirefu, akashika vichwa vyetu mmoja mmoja, akidhani serikali imeanzisha mpango wa kuondoa ukoka na sisi ndio tumeajiriwa.

Viroba vilituishia. Tukaenda dukani kwa mzee wa vifaa vya ujenzi, jirani na msikiti, ambaye ukoo wake umetoka pwani na Kiswahili chake kinakufanya uone aibu kufungua mdomo. Tuliomba mifuko mitupu ya saruji. Alitaka kujua ya nini, tukamweleza.

"Ala! Kwetu kuna watu wanaagiza nyasi kwa gari, wanazimwagilia kama mtoto. Nyinyi mmejaaliwa bure, mkazichoma moto?"

"Tulikuwa hatujui, mzee."

"Haya, chukueni mifuko. Na wewe mwenye kicheko, chukua huo mpira wa maji. Nauazima, sikupi. Usije ukauchoma nao."

Tulipanda Jumatano na Alhamisi. Nesi alitembea kati yetu akiinamisha vichwa vyetu kwa kiganja: shimo lisiwe refu, fundo la mzizi liwe chini, kanyaga kwa kisigino, si kwa hasira. Ndugu wa wagonjwa walituona wakavuka kutoka mtaroni, wakakunja kanga. Hawakuuliza zile za kwanza zimekwenda wapi. Yule mzee wa kofia ya sufu alikuwepo pia. Mkewe alikuwa bado hajaruhusiwa. Alipiga magoti karibu yangu, akaniambia bila kunitazama, "Leo tunazimaliza, au tunazibakiza?"

"Tunazibakiza, mzee. Nisamehe."

"Haya. Nilidhani kuna zamu."

Nilicheka nikashindwa kuendelea. Alikuwa mkali wa utani kunishinda, na hata uso hakuubadilisha.

Alhamisi jioni mvua ikaja ya kweli, ikaichukua pembe yote ya juu ikaipeleka barabarani. Kwa hiyo Ijumaa bwana ardhi alipofika, saa sita mchana, kabla ya muda aliosema, alitukuta kwenye matope. Kidato cha tatu kizima, sketi zimefungwa mafundo, watu wazima wasiotujua na tusiowajua, na Nesi katikati amejaa tope hadi kwenye viwiko. Bwana ardhi alikuwa mtu wa makamo, viatu vyeusi vinang'aa, faili kwapani. Alisimama kwenye mawe ya chokaa asichafuke.

"Nesi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Uliniandikia kwamba kuna nyasi."

"Zilikuwepo."

"Ziko wapi?"

Nesi alifungua mdomo. Najua angesema mvua, na isingekuwa uongo, maana pembe ya juu ilikuwa inaonekana imechukuliwa. Malori yalikuwa yanapita nyuma ya mgongo wa bwana ardhi, moja baada ya jingine. Nikaona nikikaa kimya nitaibeba siri hii hadi kidato cha sita, kama nitafika.

"Nilizing'oa mimi," nikasema. "Nikazichoma. Halafu nikapafagia."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilisikia wewe unakuja."

Rafiki yangu aliniminya mguu. Bwana ardhi alinitazama mimi, akatazama ardhi, akatazama fagio zilizoegemezwa kwenye mjohoro, nikaona kitu kinapanda shingoni mwake. Kilikuwa kicheko. Alijitahidi kukizuia, kikamshinda, faili likamponyoka likaanguka kwenye tope.

"Mama yangu," akasema akijifuta macho, "siku niliyomwambia naleta wageni wa ofisini nyumbani, alifyeka hadi maua niliyopanda mwenyewe. Akaniambia ameniondolea aibu."

Hata hivyo hakutupa jibu hapo hapo, si mtu wa kuchukuliwa na kicheko. Alimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda, "Wewe ni wa kikundi hiki?" Yule mama akasema hapana, yeye ni wa Gwarama, mwanawe amefanyiwa upasuaji, anasubiri saa saba. "Na hapa unafanya nini?" "Nasubiri," akasema. Akaendelea kufukia.

Bwana ardhi aliokota faili, akaandika juu ya goti. Nesi, ambaye hajawahi kuogopa maandishi ya mtu, akamwuliza ameandika nini.

"Nimeandika: bustani, inapandwa. Nitarudi mvua zikiisha. Nikikuta imefagiliwa, Nesi, sina la kukusaidia."

Alirudi mwezi wa tano mwaka huu. Sikuwepo, nilikuwa kwenye jaribio, ila rafiki yangu alitoroka kipindi akaenda kushuhudia, anasema bwana ardhi alizunguka mara moja, akavua kiatu kimoja, akakanyaga, akavaa, akasaini. Ukoka haukuwa umeota, ulikuwa umevamia. Ulishika kiwanja chote, ukala kinjia, ukaanza kupanda kwenye mawe ya chokaa. Sasa kila Jumamosi tunaukata kwa fyekeo, tunaukata tu, tena Nesi hatoki hapo hadi tumalize. Alikwenda tena Kibondo kumwona mjukuu, akaondoka Jumapili akarudi Ijumaa.

Wiki mbili baada ya kusainiwa tuliletewa bango la bati, limeandikwa vizuri: Bustani ya Wananchi, na chini yake, Usikanyage Nyasi. Nesi alilisoma akaguna. Akaagiza rangi, na mimi, kwa kuwa nina mwandiko, nikapewa brashi nifute mstari wa pili.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo, nimekwishafuta "Usikanyage", imebaki "Nyasi", mama mmoja akatokea upande wa stendi na mtoto mgongoni na sufuria iliyofungwa kitambaa. Alisimama pembeni, vidole vya miguu mwisho kabisa wa udongo, akasoma bango.

"Dada, hapa panaruhusiwa kukaa?"

"Hapa ndipo pa kukaa, mama."

"Hapa kwenye nyasi?"

"Hapo hapo. Saa saba bado. Ukilala nitakuamsha."

Alitandika kitenge, akamshusha mtoto, akavua viatu akaviweka sambamba kama mlangoni kwa mtu. Akanyoosha miguu. Nilipogeuka tena alikuwa anakoroma, na mtoto ameng'oa kiganja kizima cha nyasi zetu, anazitia mdomoni.